Kampuni Ni Yako, Mbao Si Zako: Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za mwezi huu kuhusu kampuni zimekuja nyingi, na ukizichambua karibu zote zina shina moja: watu wamesajili kampuni lakini wanaishi nayo kama duka la mbele ya nyumba. Tumechagua saba. Majina tumeyaacha, maeneo tumeyabakiza. Sheria inayotajwa humu ni Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, inayotumika Tanzania Bara.

Mbao zimeungua, bima hailipi

*Shikamooni. Mimi na mdogo wangu tulisajili kampuni ya mbao mwaka jana, hisa zote ni zetu wawili. Mwezi wa kumi moto uliingia yadi ukala mbao za mbili kwa nne na mbili kwa sita zilizokuwa zinasubiri gari. Bima ninayo tangu nilipokuwa nafanya biashara kwa jina langu na ada nimelipa kila mwaka. Sasa kampuni ya bima inasema hainilipi kwa sababu mbao ni za kampuni na bima ni ya kwangu. Kama mbao si zangu, ni za nani? — Mfanyabiashara, Mafinga*

Marahaba, na pole sana kwa hasara. Jibu ni chungu: mbao ni za kampuni, na hoja uliyopewa inaweza kabisa kushinda mahakamani. Siku Msajili wa Kampuni alipotoa cheti cha usajili, kisheria alizaliwa mtu mwingine mwenye jina lake, mali yake, madeni yake, na uwezo wa kushtaki na kushtakiwa. Ninyi wawili mna hisa kwa mtu huyo. Hisa inakupa kura kwenye mkutano, gawio la faida likitangazwa, na sehemu ya kinachobaki iwapo kampuni itafungwa na wadai wote wakawa wamelipwa. Haikupi hata ubao mmoja pale yadini.

Yaliyokukuta yalimkuta mtu wa Ireland aitwaye Macaura, tena kwa mbao hizihizi. Alikuwa na shamba la miti, akaiuzia kampuni mbao zake zote, naye akalipwa kwa hisa. Hisa zote zikawa zake au za watu walioshika kwa niaba yake. Bima ya moto akaikata kwa jina lake mwenyewe. Februari 1922 moto ukateketeza karibu mbao zote. Kesi ilifika Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na mwaka 1925 likaamua kwamba mwenye hisa, hata kama anazo zote, hana maslahi ya bima kwenye mali ya kampuni, yaani hawezi kuikatia bima kama mali yake. Hakulipwa kitu.

Kwa upande mwingine, utengano huohuo ndio unaokulinda. Kampuni ikishindwa kumlipa aliyeikopesha mafuta ya dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, au vipuri vya fuso, mdai huyo anashika mali ya kampuni. Nyumba yako haigusi, isipokuwa kama uliweka saini ya dhamana binafsi. Huwezi kuomba ukuta huo usimame siku ya deni na uanguke siku ya moto.

Fanya haya kabla hujakata tamaa. Chukua mkataba wa bima na usome jina la mkatiwa bima pamoja na maelezo ya mali. Kisha tafuta barua, ujumbe wa simu au risiti yoyote inayoonyesha kwamba ulimjulisha wakala kuwa biashara imehamia kwenye kampuni naye akaendelea kupokea ada. Karatasi ya namna hiyo inakupa hoja nzito, na unaweza kuipeleka kwa msuluhishi wa migogoro ya bima kabla ya kufikiria mahakama. Halafu kagua mbao zenyewe zilikuwa za nani hasa: kibali cha kuvuna kilitoka kwa jina gani, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya magogo imeandikwa nani, hati ya kusafirishia mzigo inasemaje. Iwapo sehemu ya mzigo ulinunua kwa jina lako na hukuwahi kuukabidhi kwa kampuni, sehemu hiyo ni yako na bima yako inaigusa.

Kwa siku zijazo, mkishapata cheti pitieni kila kitu kilichoandikwa jina la zamani: bima, kadi za magari, mkataba wa pango la yadi, mita ya umeme, mashine ya EFD. Kila kimoja kihamishwe kwa maandishi. Wengi huhamisha leseni peke yake, kwa kuwa ndiyo anayoiulizia afisa biashara akipita.

Nani aliyeanzisha hili jambo la kampuni?

*Nafundisha somo la biashara sekondari. Vitabu vinasema kampuni ni "nafsi ya kisheria" kisha vinapita. Wanafunzi wanauliza nani alibuni kitu hiki na kimefikaje kwetu, nami nakosa cha kuwaambia. — Mwalimu, Iringa*

Asante mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali la maana kuliko wanavyodhani.

Kushirikiana mtaji ni jambo la kale mno. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walikuwa na mudharaba: mmoja anatoa fedha, mwingine anatoa jasho na safari, faida inagawanywa kwa mafungu waliyokubaliana. Miji ya Italia nayo ilikuwa na mkataba unaofanana nao. Lakini ushirika wa aina hiyo hufa pamoja na watu wake. Mshirika akifariki au akijitoa, hesabu inafungwa.

Hatua kubwa ilitokea kwenye biashara ya viungo. Tarehe 31 Desemba 1600 Malkia Elizabeth I wa Uingereza aliwapa wafanyabiashara wa London hati ya kuunda East India Company. Mwanzoni kila safari ya meli ilikuwa na mtaji wake: meli ikirudi, mtaji na faida vinagawanywa, kisha wanachanga upya. Waholanzi mwaka 1602 waliunda VOC, kampuni yao ya biashara ya Mashariki, nayo ikatulia kwenye wazo lililobadilisha mambo: fedha ikishaingia haitoki. Mwenye kutaka fedha yake haidai kampuni, anamuuzia mtu mwingine hisa zake. Ndiyo maana soko la hisa lilikua Amsterdam enzi hizohizo. Waonyeshe wanafunzi kiungo hicho, kwa sababu ndicho kinachoifanya kampuni idumu kuliko walioianzisha. Waanzilishi wanakufa, hisa zinabadilisha mikono, kampuni ipo palepale.

Mwaka 1720 hisa za South Sea Company kule London zilipanda kwa uvumi kisha zikaporomoka na kufilisi watu wengi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia watu kujifanya kampuni bila hati ya mfalme au sheria ya Bunge, na sheria hiyo ilikaa hadi 1825. Kwa zaidi ya miaka 100, basi, kampuni ilikuwa upendeleo wa kuomba kwa wakubwa. Reli na viwanda vilipohitaji fedha za watu wengi, Uingereza ikafungua mlango: mwaka 1844 ikaweka Msajili, mtu yeyote akajaza fomu akasajili. Bado mwenye hisa alibeba madeni yote. Mwaka 1855 ndipo dhima ikawekewa ukomo, na sheria ya 1856 ikaruhusu watu 7 kutia saini katiba na kupata kampuni yenye ukomo. Neno "Limited" lililopo kwenye vibao vya Uhindini, Mbeya, ni tahadhari iliyoanzia hapo. Linamwambia anayekopesha: ukimdai huyu, utaishia kwenye mali yake, hutavuka kwenda kwa wenye hisa.

Msumari wa mwisho ulipigwa na fundi viatu. Aron Salomon wa London aliiuzia kampuni kiwanda chake cha viatu. Wenye hisa walikuwa 7: yeye mwenye hisa 20,001, na mkewe, binti yake na wanawe 4, kila mmoja hisa 1. Sehemu ya bei ya kiwanda ilibaki kama mkopo wa pauni 10,000 ambao yeye aliidai kampuni kwa dhamana ya mali za kampuni hiyo. Biashara ikaanguka. Mfilisi, aliyepewa kazi ya kuifunga kampuni na kulipa wadai, akasema hii kampuni ni Salomon aliyevaa kofia nyingine, alipe madeni yeye. Mahakama mbili za chini zikakubali. Baraza la Malodi likakataa kwa kauli moja: sheria imetaka watu 7 watie saini, wametia, kampuni ni mtu kamili. Hukumu hiyo ilichapwa katika taarifa za kesi za mwaka 1897 na mahakama zetu zinaitaja mpaka leo.

Kwetu kampuni iliingia kwa sura mbaya. Chama cha ukoloni cha Mjerumani Carl Peters kilipata hati ya ulinzi ya Kaisari tarehe 27 Februari 1885 kwa kutegemea mikataba yake, na kikazaa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, kampuni inayotawala nchi na kutoza ushuru. Ilipotaka kushika pwani, Abushiri na wenzake waliipinga mwaka 1888, na kufikia 1891 serikali ya Ujerumani ikawa imechukua utawala yenyewe. Waingereza waliofuata walileta Sheria ya Kampuni ya 1932, iliyofuata kwa karibu sheria yao ya 1929. Hiyo ilidumu kupita Uhuru, na hata Azimio la Arusha la 1967 halikuifuta. Viwanda na mabenki yaliyotaifishwa yaliendelea kuwa kampuni, ila mwenye hisa akawa Serikali. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi nacho kilikuwa cha kampuni ya umma kabla ya kubinafsishwa. Sheria tuliyonayo sasa ni Namba 12 ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2006.

Tuko 34, tuunde nini?

*Kamwene! Sisi ni wakulima wa parachichi 34. Mnunuzi anataka mkataba na chombo kimoja, hataki kushika mikono ya watu 34. Tusajili kampuni au ushirika? — Kikundi, Njombe*

Kamwene. Jiulizeni kwanza kura mtapigaje. Kwenye chama cha ushirika kila mwanachama ana kura 1, awe na miche 50 au 5,000. Kwenye kampuni, kura inafuata hisa. Aliyeweka milioni 10 atamshinda aliyeweka laki 2 kila mara mkihesabu kura kwa hisa.

Kampuni binafsi hairuhusiwi kuwa na wanachama zaidi ya 50, haiwezi kutangaza hisa kwa umma, na katiba yake lazima iwekee mipaka uhamishaji wa hisa. Leo mko 34. Kijiji jirani kikitaka kujiunga mwakani mmefika ukomo. Njia ya kampuni ya umma ipo, na MUCOBA, benki iliyozaliwa hapo Mafinga, ni mfano wa chombo cha watu wa kawaida kilichofika soko la hisa. Lakini masharti yake ya ukaguzi na utoaji taarifa ni mazito kwa kikundi kinachoanza.

Kwa maoni yetu, iwapo lengo ni kukusanya matunda, kupanga madaraja na kuuza pamoja, ushirika wa mazao unawafaa zaidi, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Anzeni kwa afisa ushirika wa halmashauri. Mkija kujenga chumba cha baridi au kituo cha kufungashia kinachohitaji fedha za mwekezaji, hapo ushirika wenyewe unaweza kuwa mwenye hisa ndani ya kampuni, pamoja na huyo mwekezaji. Jambo moja msilifanye: msisajili kampuni kwa majina ya watu 3 "kwa niaba ya wengine" kwa maneno matupu. Daftari la wanachama likionyesha watu 3, wale 31 ni wasikilizaji tu.

Jina la biashara au kampuni, na hatua zake

*Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, nimesajili jina la biashara. Jamaa wananiambia nisajili kampuni nipate zabuni. Nipeni hatua na mitego. — Mwenye duka, Mbeya*

Jina la biashara ni jina tu. Nyuma yake upo wewe, na deni la duka ni deni lako hadi kwenye kitanda. Kampuni inakutenga, lakini utengano una bei. Mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo madogo anaweza kutozwa kodi kwa makadirio ya mauzo. Kampuni haimo kwenye utaratibu huo. Inatunza hesabu kamili, inakadiria faida yake mwanzoni mwa mwaka, inalipa kwa awamu 4, na inawasilisha ritani (taarifa ya kodi ya mapato) ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, hesabu zikiwa zimeandaliwa na mhasibu anayetambulika. Kiwango cha kodi ni asilimia 30 ya faida. Ukijigawia faida kama gawio, asilimia 10 inazuiwa kwanza. Ukichota droo kama ulivyozoea, kampuni itaonekana imekukopesha, na maswali ya kodi yatafuata. Piga hesabu kwanza, zabuni baadaye.

Ukiamua, unahitaji watu 2 wa kuanzisha, wakurugenzi wasiopungua 2 na katibu wa kampuni. Kila mmoja awe na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi). Usajili unafanyika kwenye mfumo wa mtandao, ORS, wa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni), na hapa ndipo kosa la kwanza hutokea: akaunti inafunguliwa na kijana wa steshenari kwa barua pepe na simu yake. Miaka 2 baadaye unataka kubadilisha mkurugenzi, kijana amehamia Dodoma na nywila anayo yeye. Fungua akaunti kwa namba yako ya NIDA na simu yako, hata kama mtu mwingine ndiye anayekuchapia.

Angalia jina kama lipo wazi. Jina linalofanana na la mwingine litarudishwa, na maneno kama "benki" yanataka kibali cha mamlaka husika. Andaa katiba ya kampuni. Ina sehemu 2: ya kwanza inataja jina, ofisi, madhumuni, ukomo wa dhima na mtaji, ya pili ni kanuni za ndani za mikutano, kura, wakurugenzi na uhamishaji wa hisa. Hiyo ya pili watu hunakili ya jirani bila kuisoma, halafu siku ya ugomvi ndiyo inayowafunga. Soma angalau vifungu vya kuhamisha hisa, akidi (idadi ya chini ya watu wa kufanya kikao kiwe halali), na kura ya mwenyekiti pale kura zinapolingana.

Ukishajaza taarifa, mfumo unatoa fomu jumuifu. Ichapishe, wahusika watie saini, tamko la kukidhi masharti lisainiwe mbele ya wakili, kisha vyote vipandishwe na kulipiwa kwa namba ya malipo. Ada inapanda kwa madaraja kufuatana na mtaji uliotaja, kwa hiyo tazama daraja kabla ya kuandika tarakimu.

Maombi mengi yanayorudishwa hurudi kwa mambo madogo. Katiba inasema hisa 1,000 za shilingi 10,000, fomu inasema hisa 10,000 za shilingi 1,000. Jumla ni ileile milioni 10, lakini nyaraka zinapingana. Jina kwenye saini halifanani na la NIDA. Shughuli uliyochagua kwenye orodha haihusiani na ulichoandika kwenye madhumuni, na baadaye leseni ya biashara nayo inakwama. Anwani ya ofisi ni "karibu na stendi". Taarifa za mmiliki manufaa, yaani mtu halisi anayenufaika na kuidhibiti kampuni, zimeachwa wazi. Sharti hilo liliingia kwenye sheria mwaka 2020 na halina msamaha kwa kampuni ndogo.

Kuhusu mtaji, usiandike milioni 500 ili uonekane mkubwa. Tuseme mtaji ni hisa 1,000 za shilingi 10,000, wewe umechukua 600 na mkeo 400. Hisa zako ni milioni 6. Kama umelipa milioni 4, kampuni ikifilisika unadaiwa milioni 2 iliyobaki. Huo ndio ukomo wa dhima: kile ambacho hujalipia kwenye hisa zako. Ukichukua hisa za milioni 300 kwenye karatasi bila kulipa, umejitengenezea deni mwenyewe.

Baada ya cheti zinafuata TIN ya kampuni, leseni, na akaunti ya benki inayofunguliwa kwa muhtasari wa kikao cha wakurugenzi. Usisaini mkataba wowote kwa jina la kampuni kabla ya cheti. Anayesaini kwa niaba ya kampuni ambayo haijazaliwa hubeba mkataba huo yeye mwenyewe, isipokuwa kama walikubaliana vingine.

Mashemeji wamechukua magari

*Mume wangu alifariki mwezi wa tano. Alikuwa na kampuni ya usafirishaji, yeye hisa 80, mimi 20, wakurugenzi sisi wawili. Shemeji zangu wamechukua fuso 2 wakisema ni mali ya marehemu na ukoo ndio utagawa. Benki nayo imefunga akaunti. — Mama, Tukuyu*

Pole sana mama kwa msiba, na kwa usumbufu juu ya msiba.

Kadi za magari zinasomeka jina gani? Kama ni la kampuni, fuso hizo hazimo kwenye mirathi. Marehemu hakuacha magari, aliacha hisa 80. Kikao cha ukoo kinaweza kujadili mrithi wa hisa hizo, hakiwezi kugawa mali ya kampuni, kama kisivyoweza kugawa gari la jirani. Wewe ukiwa mkurugenzi uliyebaki unaweza kuandika barua ya kuyadai kwa jina la kampuni, ukiambatisha nakala za kadi na cheti cha usajili. Wakikataa, nenda polisi na kwa wakili ukiwa na karatasi hizo hizo. Lakini sheria hiyo inakushika na wewe: usiuze gari hata moja kwa matumizi ya nyumbani, kwa sababu si mali yako pia.

Hisa 80 zinahama kwa njia ya mirathi. Kata cheti cha kifo, fungua shauri mahakamani, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Msimamizi ndiye anayepeleka barua ya uteuzi kwenye kampuni, jina lake liandikwe kwenye daftari la wanachama, na baadaye hisa zihamie kwa warithi. Wanandoa wengi hudhani mjane anachukua kiti cha ukurugenzi cha mumewe. Ukurugenzi haurithiwi. Kampuni inateua mtu mwingine, na kwa kuwa sheria inataka wakurugenzi 2, usikae peke yako muda mrefu. Mabadiliko ya wakurugenzi yapelekwe BRELA ndani ya siku 14. Hapo ndipo benki itapokea muhtasari mpya wa kikao na kubadilisha watia saini.

Fungua katiba uone kifungu cha uhamisho wa hisa kwa kifo. Katiba nyingi zinawapa wakurugenzi uwezo wa kukataa kumwandikisha mtu wasiyemtaka.

Kampuni imelala miaka 3

*Nilisajili, sikuwahi kuanza kazi. Nimesikia kuna faini. — Kijana, Vwawa*

Ni kweli. Kila mwaka kampuni inawasilisha taarifa ya mwaka BRELA, ndani ya siku 28 baada ya tarehe inayofanana na ile ya kusajiliwa. Kutofanya biashara si kisingizio, na adhabu ya kuchelewa huongezeka kadiri miezi inavyopita. TRA, Mamlaka ya Mapato, nako ni hivyo: kampuni yenye TIN inatoa ritani hata kama ni ya sifuri. Msajili akiona kampuni imekaa kimya anaweza kutoa notisi na kuifuta kwenye daftari, na mali itakayokuwa bado kwa jina la kampuni hiyo inahesabiwa haina mwenyewe, inaangukia Serikalini. Kwa hiyo kama ulinunua kiwanja kwa jina lake, amka leo. Kama haina mali wala deni, wasilisha zilizochelewa, lipa, kisha uombe wewe mwenyewe ifutwe.

Wamenitoa kwa ujumbe wa simu

*Tuko watatu, tunanunua mahindi na alizeti. Wenzangu wana asilimia 70, mimi 30. Juzi wameandika kwenye grupu kwamba mimi si mkurugenzi tena. Nimegundua pia kampuni inakodi fuso zao kwa bei kubwa kuliko ya stendi. — Mwenye hisa, Makambako*

Kumwondoa mkurugenzi kwa wingi wa kawaida wa kura kunaruhusiwa, na kwa asilimia 70 wanaweza. Lakini kuna njia yake: notisi maalumu ya siku 28, mkutano wa wanachama ulioitishwa sawasawa, na wewe kupewa nafasi ya kujieleza. Ujumbe wa grupu si mkutano. Hata wakikuondoa kwa njia halali, unabaki na hisa zako zote.

Tena asilimia 30 ina nguvu kuliko unavyofikiri. Kubadilisha katiba kunataka azimio maalumu, yaani robo 3 ya kura. Wao wana 70, hawafiki 75. Ukihudhuria na kupiga kura ya kupinga, hawawezi kubadilisha jina, kanuni za ndani wala madhumuni.

Suala la fuso ni zito zaidi. Mkurugenzi anatakiwa kutenda kwa maslahi ya kampuni, na akiwa na maslahi binafsi kwenye mkataba anatakiwa kuyaweka wazi kwenye bodi. Usianze na kelele. Kusanya risiti za kukodi za miezi kama 6, na bei za stendi za tarehe zilezile kwa safari zilezile za Makambako hadi Dar es Salaam. Omba kwa maandishi hesabu za mwaka na muhtasari wa kikao kilichopitisha ukodishaji huo. Dai mkutano mkuu wa mwaka. Kampuni lazima iufanye kila mwaka, usipite miezi 15 kati ya mmoja na mwingine, kwa notisi ya siku 21. Wakikaa kimya, kifungu cha 233 kinamruhusu mwanachama kwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayomwonea, na mahakama inaweza kuamuru, pamoja na mengine, hisa zako zinunuliwe kwa bei ya haki.

Kabla ya hayo yote, leo hii, omba upekuzi wa kampuni yenu BRELA ulipie. Utaona majina ya wakurugenzi na mgawanyo wa hisa kama ulivyo kwenye daftari la Msajili. Kama jina lako limekwisha ondolewa, dai nakala ya waraka uliotumika, uangalie tarehe ya mkutano unaotajwa na saini zilizopo, kisha umpelekee wakili nakala hiyo ikiwa bado mbichi.